Msee wa Molo, Mgongo Wako Ndio CV: Hii Hapa Zoezi Moja ya Kuulinda, Bila Jimu na Bila Shilingi

Leo hatuna mushene wa nani ameachana na nani. Leo tunaongea mgongo, na kama uko Molo, Elburgon, Turi, Kuresoi ama pande za Mau Summit, hii stori ni yako kuanzia mwanzo hadi mwisho.

Cheki tu vile mtaa unakula. Kuna wasee wa kupakia waru kwenye lori. Kuna mafundi na vibarua wa mjengo. Kuna wa bodaboda, ambao wanakalia pikipiki siku nzima kwa barabara za matope na mashimo, na abiria wawili na gunia nyuma. Kuna madem na wamama wameinamia shamba tangu asubuhi, wakichimba waru, wakipalilia minji, wakichuma pareto. Kuna wa kukama ng'ombe saa kumi na moja na hiyo baridi yetu unaijua. Hakuna mtu hapo aliulizwa cheti. Waliulizwa kama mgongo unafanya.

Na siku mgongo ukigoma? Hakuna likizo ya ugonjwa. Lori halingoji. Nafasi yako inachukuliwa na msee mwingine kabla chai ipoe, na rent ya keja inabaki palepale. Ndio maana nasema mgongo ni CV. Mimi chuo niliacha katikati, kwa hivyo najua vizuri maana ya kuishi bila karatasi: kile unacho ni mwili na akili, basi.

Usidhani ni shida ya Molo pekee. Shirika la Afya Duniani, WHO, linasema mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya mgongo wa chini, na hiyo ndiyo sababu namba moja ya watu kushindwa kufanya shughuli zao. Milioni 619! Hiyo ni zaidi ya mara kumi ya Wakenya wote.

Habari poa ni hii: kwa watu wengi, kama 9 kati ya 10, hakuna mfupa umevunjika wala kitu kibaya kimejificha ndani. Na kati ya vitu ambavyo vinasaidia, mazoezi yako juu kabisa. Sio ya kulipia. Ni ya sakafuni, kwa keja yako, na blanketi tu.

Mgongo unasimama vipi kwanza?

Umewahi kusaidia kusimamisha hema ya harusi ama ya mazishi? Ile nguzo ya katikati haisimami yenyewe. Inashikwa na kamba pande zote. Kamba zikiwa zimekazwa sawa, upepo wa Molo unaweza kupiga hadi jioni na hema haiendi mahali. Kamba moja ikilegea, nguzo inaanza kucheza, na watu wanaanza kuhamisha sahani.

Mgongo wako ni hiyo nguzo, tena imeungwa vipande vipande. Kutoka shingo hadi kiuno una pingili 24 zinazosonga. Tano za chini, pale juu ya kiuno, ndizo zinabeba uzito mwingi. Kati ya pingili na pingili kuna diski, kitu kama mto mdogo wenye maji ndani, ya kupunguza kishindo.

Kamba zake ni misuli. Nyuma kuna misuli mirefu inayofuata uti wa mgongo juu hadi chini, na chini yake misuli midogo inayoshika pingili moja moja. Mbele kuna misuli ya tumbo, na ya ndani kabisa imekuzunguka kama mshipi. Kando kuna misuli ya mbavu na kiuno. Chini kuna matako, na usicheke, matako ndiyo injini ya kuinua mzigo. Yakilala, mgongo unafanya kazi ya watu wawili.

Sasa unaelewa kwa nini msee anaweza kuwa na sixpack ya kuweka TikTok na bado alie mgongo. Amekaza kamba za mbele tu.

Hesabu ya ndoo

Kabla tuingie kwa zoezi, nipe dakika moja ya hesabu. Sio ngumu.

Ndoo ya lita 20 ikijaa maji ni kilo 20. Ukiinama na kuiokota ikiwa mbali na wewe, tuseme sentimita 40 kutoka uti wa mgongo, hiyo ni kama mzani. Upande mmoja kuna ndoo, umbali wa sentimita 40. Upande ule mwingine kuna misuli ya mgongo, na hiyo iko karibu sana na mfupa, kama sentimita 5 hivi. Kwa hivyo ili mzani ulingane, misuli lazima ivute mara nane ya uzito wa ndoo. Nane mara 20 ni kilo 160. Na bado hatujahesabu kichwa chako, mikono na kifua, ambazo pia zimening'inia mbele.

Sasa vuta hiyo ndoo karibu, sentimita 20. Misuli inavuta mara nne, kilo 80. Ndoo ni ileile, maji ni yaleyale. Umebadilisha umbali tu na umeokoa nusu ya kazi.

Hiyo ni hesabu ya juujuu, lakini inakuonyesha kwa nini fundi mkongwe wa kupakia anakumbatia gunia kama mtoto wake kabla alinyanyue, na yule mgeni analivuta kwa mikono imenyooka halafu anashika kiuno.

Na gunia je?

Hapa lazima tuseme ukweli. Kenya ina kanuni za zao la viazi za mwaka 2019, na zinasema gunia la waru lisizidi kilo 50. Hiyo ni sheria imeandikwa. Lakini wewe umeona mukurino kwa macho yako, lile gunia limeongezwa neti juu hadi linakaa limefunga kilemba. Hilo halikujui wala halijui sheria. Mkulima analia bei, na wewe wa kubeba unalia mgongo.

Kwa hivyo tusidanganyane: hakuna zoezi duniani litafanya mgongo wa binadamu ukuwe wa kubeba mukurino kila siku kwa miaka 20. Zoezi linaongeza nguvu na uvumilivu, lakini halibadilishi hesabu ya mzani. Kama mko genge la kupakia, kitu cha kwanza cha kulinda mgongo ni kukubaliana pamoja kwamba gunia ni la kilo 50. Mmoja akikataa, anafutwa. Wote mkikataa, mwenye lori anaanza kuongea vizuri. Hiyo pia ni kinga.

Haya. Sasa tushuke sakafuni.

Zoezi lenyewe: mkono na mguu

Jimu wanaliita bird dog. Jina limetoka kwa mbwa wa kuwinda ndege, wale ambao wakinusa ndege kwenye nyasi wanasimama tuli, pua mbele, mguu mmoja juu, mwili umenyooka kama mshale. Sisi tuliite mkono-na-mguu, ju ndicho kinachofanyika.

Kwa nini hili na sio lingine? Kuna profesa Mkanada, Stuart McGill, aliyefanya utafiti wa mgongo kwa miaka mingi pale Chuo Kikuu cha Waterloo. Alikuwa anapima ni mzigo kiasi gani unaingia kwa uti wa mgongo kwenye kila zoezi. Mwishowe akachagua matatu ambayo yanaamsha misuli vizuri bila kuponda mgongo, na mkono-na-mguu ni mojawapo. Misuli ya mgongo inafanya kazi, tumbo linafanya kazi, matako yanafanya kazi, bega linafanya kazi, na pingili zimetulia. Kamba zote za hema zinakazwa mara moja.

Unahitaji nafasi ya kulala tu. Kunja blanketi uweke chini ya magoti, ju simiti ya Molo asubuhi ni barafu. Twende.

1. Piga magoti na mikono. Mikono iwe chini ya mabega, magoti chini ya nyonga, yameachana kiasi cha ngumi mbili. Macho yaangalie chini, hatua ndogo mbele ya vidole. Usiinue kichwa kutazama simu.

2. Tafuta mgongo wa katikati. Upandishe mgongo kama paka amekasirika, kisha uushushe tumbo likielekea chini. Fanya polepole mara tano hivi. Halafu simama katikati ya hizo mbili, pale unasikia hakuna presha. Hapo ndipo utakaa hadi mwisho.

3. Kaza tumbo. Usilivute ndani. Likaze vile ungefanya kama beshte yako anataka kukuchokora na kidole kwa mchezo. Kidogo tu, kiasi kwamba bado unaweza kuongea na kupumua. Ukishindwa kuongea, umekaza sana.

4. Peleka mguu wa kulia nyuma. Uburute polepole hadi unyooke, kisha uuinue hadi ulingane na mgongo. Usipite hapo. Sukuma kisigino nyuma kama unafunga mlango kwa mguu. Utasikia tako la kulia limeamka. Kama halijaamka, bado hujafika.

5. Peleka mkono wa kushoto mbele. Unyooshe hadi ulingane na sikio, kidole gumba kikiangalia juu. Sasa umebaki na vitu viwili chini: mkono wa kulia na goti la kushoto. Mwili utataka kuanguka upande. Usiukubalie. Hiyo kazi ya kukataa kuanguka ndiyo zoezi.

6. Shika. Hesabu hadi 8, ukipumua kawaida. Ukiwa mgeni, 5 inatosha. Ukizoea, mwisho ni 10.

7. Rudi polepole. Mkono na goti zirudi zikifagia sakafu, bila kutua. Kisha nenda tena upande uleule. Ukimaliza idadi yako, badilisha: mguu wa kushoto, mkono wa kulia.

Idadi: duru ya kwanza mara 6 kila upande. Pumzika nusu dakika. Duru ya pili mara 4. Pumzika. Duru ya mwisho mara 2. Ona vile inashuka: unapochoka, idadi inapungua, kwa hivyo ile ya mwisho bado inakuwa safi. Mgongo hauhitaji kuchoka hadi utetemeke. Unahitaji kuzoea kukaa imara kwa muda mrefu, ju kazi yako pia ni ya muda mrefu.

Mtihani wa kikombe

Unataka kujua kama unafanya fiti ama unajidanganya? Chukua kikombe cha plastiki, kiwe na maji kidogo, mwambie mtu akiweke juu ya kiuno chako ukiwa umepiga magoti. Sasa fanya mkono-na-mguu. Kikombe kikibaki, uko rada. Kikianguka, umeloa, na pia umepata jibu: kiuno kinapinda.

Watu wengi wanaangukia hapa:

Mguu juu sana. Ukiupeleka juu kama unapiga teke dari, mgongo wa chini unajikunja na presha yote inaingia kwa zile pingili tano. Mguu ulingane na mgongo, basi.

Kiuno kufunguka. Ile nyonga ya mguu ulioinuliwa inageuka kuangalia ukuta. Nyonga zote mbili ziangalie sakafu, kama taa za gari.

Kuzuia pumzi. Uso unakuwa mwekundu, shingo mishipa, na bado sekunde ziko tatu. Pumua, msee. Shambani na kwenye lori hauwezi zuia pumzi siku nzima.

Haraka. Wengine wanarusha mkono na mguu kama wako kwa video ya densi. Ukienda mbio, ni kasi inafanya kazi, misuli imelala.

Kama hauwezi kusawazisha kabisa, anza na mguu pekee, mikono yote ikiwa chini. Wiki moja hivyo. Kisha mkono pekee. Kisha uunganishe. Hakuna mtu anakupimia.

Ndugu zake wawili

Mkono-na-mguu peke yake ni mzuri, lakini ukiongeza hawa wawili unafunga hema pande zote.

Wa kwanza ni planki ya upande. Lala kwa ubavu, kiwiko chini ya bega, magoti yamekunjwa. Inua kiuno hadi mwili unyooke kutoka goti hadi kichwa. Shika sekunde 8 hadi 10, shuka, rudia. Ukiwa na nguvu, nyoosha miguu na ubebe uzito kwa miguu badala ya magoti. Hii ni ya misuli ya kando, ile inakusaidia ukibeba mtungi ama debe kwa mkono mmoja.

Wa pili ni kuinua kichwa kidogo. Lala chali, goti moja limekunjwa, mguu mwingine umenyooka. Weka viganja vyote viwili chini ya kiuno, pale kuna uwazi, ili mgongo usilale flati. Kaza tumbo, kisha inua kichwa na mabega kidogo tu, kama sentimita chache, utadhani kichwa kimekaa juu ya mizani na unataka isome sifuri. Shika, shuka. Hii si ile ya shule ya kukaa na kulala mara 100 huku mwalimu wa michezo anapiga filimbi. Ile inakunja mgongo tena na tena, na mgongo wa mtu wa waru tayari umekunjwa vya kutosha.

Zote tatu zinachukua kama dakika 15. Hiyo ni nusu ya kipindi kimoja cha zile sinema unatazama usiku.

Vipi kuhusu planki ya dakika kumi na Superman?

Najua utaniuliza, ju YouTube imejaa hizo.

Planki ya kawaida, ile ya viwiko, ni poa. Lakini usifukuze rekodi. Rekodi ya dunia ya wanaume iliwekwa mwaka 2023 na Josef Šálek wa Cheki: saa 9, dakika 38 na sekunde 47. Ya wanawake iliwekwa Machi 2024 na DonnaJean Wilde wa Kanada, mwalimu mkuu msaidizi mstaafu, akiwa na miaka 58: saa 4, dakika 30 na sekunde 11. Heshima kwao. Nyanya wa watu amekaa planki muda wa kutoka Molo hadi Nairobi na jam ya Westlands ikiwa ndani. Lakini wewe kazi yako sio kukaa tuli. Sekunde 10 safi, mara kadhaa, zinakufaa kuliko dakika tano za kiuno kimelegea kama hamaki.

Superman ni ile ya kulala kwa tumbo na kuinua mikono na miguu yote kwa wakati mmoja kama unapaa. Inajenga misuli ya nyuma, ni kweli. Shida ni kwamba inaukunja mgongo nyuma kwa nguvu na kuziponda pingili za chini. McGill hakuiweka kwa tatu zake. Kama mgongo wako hauna shida na umeshafanya mkono-na-mguu miezi kadhaa, unaeza ijaribu, ukiinua kidogo tu. Kama mgongo tayari unauma, iache kabisa.

Na kama unadhani haya ni mambo ya watu laini, angalia Kaptagat, kule Elgeyo Marakwet. Eliud Kipchoge, yule alikimbia marathoni kwa saa 1:59:40 pale Vienna tarehe 12 Oktoba 2019, alikuwa na vipindi vya nguvu kambini na wenzake, kwa mikeka, mikanda ya mpira na uzito wa mwili, chini ya fiziotherapisti Mhispania, Marc Roig. Mtu wa mbio anajenga kiuno na matako. Wewe wa gunia je?

Saa gani, mara ngapi

Ukilala usiku, diski zinafyonza maji na kuvimba kidogo. Ndio maana asubuhi wewe ni mrefu kidogo kuliko jioni. Mto uliojaa sana haupendi kukunjwa. Kwa hivyo ukiamka saa kumi na moja, usikimbilie kuinama kabisa ama kuinua kitu kizito papo hapo. Jipe nusu saa: washa jiko, tembea, kunywa chai, lisha kuku. Zoezi la paka na mkono-na-mguu halikunji mgongo sana, lakini hata hilo lifanye baada ya kutembea kidogo.

Mpango mwepesi ni huu:

Siku za kawaida, zifanye zote tatu mara moja kwa siku, hata jioni baada ya kazi. Siku tano kwa wiki ni sawa.

Siku ya kupakia, fanya mkono-na-mguu duru moja tu kabla ya kuanza, mara 4 kila upande, ya kuamsha matako. Usijichoshe kabla ya mzigo.

Baada ya kukaa kwa pikipiki masaa, shuka, simama wima, nyoosha mikono juu polepole, tembea dakika mbili. Fanya hivyo kila ukingoja abiria badala ya kulala kwa tangi.

Usitegemee muujiza wiki ya kwanza. Misuli inachukua wiki kadhaa kuzoea. Jipe wiki sita hadi nane za kweli kabla useme haifanyi.

Na kutembea. Tembea kwa miguu, haraka kiasi, kila siku. Ni dawa ya mgongo isiyo na bei. Mtu akikuambia ulale kitandani wiki mbili mgongo upone, mwambie zamani walisema hivyo. Siku hizi ushauri ni kuendelea kusonga kadiri unavyoweza.

Mkanda na sindano za kemisti

Hapa ndipo doo nyingi inapotea. Wasee wananunua mkanda mpana wa kiuno na kuufunga kutoka asubuhi hadi usiku. Desemba 2023 WHO ilitoa mwongozo kuhusu maumivu sugu ya mgongo wa chini, na mikanda ya kiuno iko kwa orodha ya vitu ambavyo havishauriwi kama matibabu. Vilevile kuvutwa mgongo kwa mashine, na dawa za maumivu za aina ya opioidi. Yanayopendekezwa ni elimu kuhusu mgongo, mazoezi, baadhi ya tiba za mikono kama masaji, na ushauri wa kisaikolojia.

Kuhusu dawa: diklofenaki ni dawa halali na daktari anaweza kukupa kwa siku chache. Tatizo ni kuimeza kila asubuhi kama peremende ndio uweze kupakia, tena tumbo likiwa tupu. Inaweza kukutoboa vidonda vya tumbo hadi utoke damu, na inaweza kuumiza figo. Tena kibaya zaidi, inakuzimia ile kengele. Mgongo unakuambia acha, wewe umeufunga mdomo, unaongeza gunia. Jioni dawa ikiisha, bili inakuja yote.

Usifanye zoezi, enda hosi

Hii sehemu usiiruke. Soma mara mbili.

Enda hospitali leo, sio kesho, kama mgongo unauma na pia: umeshindwa kukojoa ama mkojo ama choo kinatoka bila wewe kujua, sehemu za siri na katikati ya mapaja zimekufa ganzi, ama mguu umekosa nguvu hadi unaburuta. Hizo ni dalili kwamba mishipa ya fahamu inabanwa, na kila saa inahesabika.

Enda pia haraka kama umeanguka kutoka lori, mti ama pikipiki. Kama una homa, jasho la usiku, kukohoa kusikokwisha ama unakonda bila sababu. TB inaweza kuingia kwa uti wa mgongo, na inatibika ikijulikana mapema. Na kama maumivu hayapungui hata ukilala, hasa usiku, usikae nayo.

Kuna hospitali ya serikali hapo Molo mjini, na kesi ikizidi wanakutuma PGH Nakuru. Ukifika, uliza fiziotherapia. Wengi hawajui hiyo huduma iko, wanaishia kupewa vidonge na kurudi nyumbani.

Kwa maumivu ya kawaida, sheria ni rahisi: zoezi likileta uchovu wa misuli, endelea. Likileta maumivu makali ama yanayoshuka mguuni, acha hiyo siku, punguza, na kama yanarudi, tafuta mtu wa kukuangalia.

Mwisho wa maneno

Msimu wa waru utafika tena, malori yatajipanga, na mtu atapiga kelele kwamba anataka vijana kumi wenye nguvu. Wengine wataenda na mgongo wa juzi, uliofungwa mkanda na kupakwa mafuta. Wewe una wiki kadhaa za kuandaa wako kwa blanketi na sakafu.

Anza leo usiku. Mara 6, mara 4, mara 2. Kikombe kikianguka, panguza maji na urudie.

Kisha tumia hii stori kwa yule beshte wako ambaye kila akisimama anashika kiuno na kusema "ni baridi tu". Si baridi, maze. Mwambie apige magoti.